"Wakuu wifi haishiki": namna ya kuomba msaada wa mtandao kwenye Linux ukajibiwa

Kuna meseji moja ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye grupu la Linux anaijua. "Wakuu habari, nimeweka Ubuntu kwenye laptopu ila wifi haishiki, msaada tafadhali." Halafu kimya. Baadaye yule yule anarudi, "jamani humu hakuna anayejua?" Mmoja anamwambia aweke Mint (Linux ya ladha nyingine, kama Ubuntu), mwingine anamwambia arudi Windows asijitese, wa tatu anaanza kubishana na wa kwanza kuhusu Mint, na mwenye shida anaondoka akiamini Linux ni ngumu na watu wake wana roho mbaya.

Mi nadhani hapo hakuna mwenye roho mbaya. Wanaojua wapo, na meseji wameisoma, ila haina pa kushika. "Wifi haishiki" inaweza kuwa kadi ya wifi haina draiva (programu ya kuiendesha), au draiva ipo ila kadi imezimwa kwa kitufe, au kadi imeshika vizuri ila haijapewa anwani (zile namba za kuitambulisha kwenye mtandao), au anwani ipo na DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ndo imekufa, au kila kitu kiko sawa na bando limeisha tangu asubuhi. Kila moja hapo ina dawa yake na hazifanani hata kidogo. Anayetaka kukusaidia yuko Arusha, au yuko Ujerumani huko, hawezi kuja kukaa mbele ya mashine yako, anachokiona ni yale uliyoandika basi.

Tuanze na salamu, maana ndo zinatuponza sana sisi. Kwetu huingii kwa mtu ukaanza na shida, unapiga hodi, unasalimia, unaulizwa za nyumbani, unajibu nzuri hata kama sio nzuri, ndo baadae unaeleza kilichokuleta. Watu wanahamishia hiyo hiyo kwenye grupu, anaandika "habari za mchana wadau" anasubiri aitikiwe, au "kuna mtu anaelewa mambo ya netiweki hapa?" anasubiri mtu anyooshe mkono. Nani atanyoosha mkono kwa swali ambalo halijaulizwa? Salimia, tena salimia vizuri tu, ila swali liende kwenye meseji ileile. Na neno "haraka" litoe, wanaojibu wanafanya bure usiku baada ya kazi zao. "Njoo inbox" nayo iache, kwa sababu jibu la inbox likiwa bovu hakuna wa kulisahihisha, na likiwa zuri mwenzako mwenye tatizo hilohilo mwakani hatalipata.

Haya, sasa kazi yenyewe. Kabla ya kuuliza fungua terminali (lile dirisha la kuandika amri), maana yale madirisha ya mipangilio yanaficha mengi, alama ya wifi inaweza kukuonyesha imejaa mistari yote huku intaneti huna hata chembe.

Andika `ip a`. (Ukikuta maelekezo ya zamani yanayosema ifconfig na mashine inakwambia haina amri hiyo, sio kosa lako, Debian, Linux nyingine ndugu ya Ubuntu, waliacha kuiweka moja kwa moja tangu toleo la 9 la 2017.) Itakuletea kadi zote za mtandao ambazo kerneli (kiini cha Linux) imeziona. Usitishwe na majina, zamani yalikuwa eth0 na wlan0, siku hizi utakuta vitu kama enp3s0 kwa kadi ya waya na wlp2s0 kwa wifi, zile namba zinaonyesha kadi imekaa wapi kwenye ubao. Ile lo ni mashine inajiongelesha yenyewe, achana nayo. Unatafuta mambo mawili tu: kadi ya wifi ipo kwenye orodha? Na kama ipo, ina mstari wa inet wenye anwani?

Kadi haipo kabisa, hilo ni suala la draiva, nitalifikia. Ipo na anwani inaanza na 192.168 au 10 au 172.16 mpaka 172.31, safi, hizo ni anwani za ndani zilizotengwa rasmi tangu 1996 na nyumba zote duniani zinazitumia. Ipo lakini haina inet, au ina anwani inayoanza na 169.254, hapo kadi iliomba anwani kwa ruta haikupewa ikaamua kujipa yenyewe. Mara nyingi ni pasiwedi ya wifi imekosewa, au uko mbali na ruta, au ruta yenyewe imeganda inahitaji kuzimwa na kuwashwa.

Ya pili ni `ip r`. Unatafuta mstari unaoanza na default, kwa mfano default via 192.168.1.1 dev wlp2s0. Huo ndo mlango wa kutokea nje, na 192.168.1.1 hapo ndo ruta yako. Kwa wale wa vile viruta vidogo vya Huawei vya laini ya simu mara nyingi utaona 192.168.8.1. Ukikuta mistari miwili ya default, mmoja wa waya na mmoja wa wifi, angalia namba ya metric, yenye metric ndogo ndo inashinda, na kwa kawaida waya unaishinda wifi. Hii inawachanganya watu vibaya mno, mtu kachomeka waya kwenda kwenye dekoda au kamera ambayo haina intaneti, wifi iko sawa kabisa, lakini mashine inang'ang'ania kutokea kwenye waya.

Halafu ping tatu, kwa mpangilio huu: `ping -c 4 192.168.1.1` (weka ya kwako), `ping -c 4 1.1.1.1`, `ping -c 4 debian.org`. Hiyo -c 4 usiisahau kwa sababu ping ya Linux haisimami yenyewe kama ya Windows, itakimbia mpaka uikatize kwa Ctrl na C. Ya kwanza inauliza kama unaifikia ruta, ya pili kama unatoka nje, ya tatu kama majina yanageuzwa kuwa anwani. Inapokwama ndo tatizo lilipo, na hapo ushajua zaidi ya nusu ya unaowaona humu mitandaoni wakitoa ushauri.

Na soma kile inachokujibu, soma neno kwa neno, maana kila sentensi ina maana yake. "Network is unreachable" maana yake kerneli haina njia kabisa, haijatuma hata kitu kimoja nje, rudi kwenye ip r. "Destination Host Unreachable" ikitoka kwenye anwani yako mwenyewe ni kwamba mashine imeita humo humo ndani ya nyumba na hakuna aliyeitika, ruta imezimika au uko kwenye mtandao mwingine kabisa au anwani uliiandika kwa mkono ukakosea. "100% packet loss" bila maelezo mengine, pakiti (vifurushi vya data) zimetoka hazikurudi. "Temporary failure in name resolution" hiyo ni DNS, na kama 1.1.1.1 inajibu na debian.org haijibu basi usiguse draiva, usifute Ubuntu uweke upya, usimsikilize wa Mint. Kadi yako nzima, ruta nzima, intaneti ipo, ni majina tu.

Kwa hiyo ya majina: watu wakifungua /etc/resolv.conf kwenye Ubuntu wanakuta 127.0.0.53 wanadhani wamevamiwa. Hapana, hiyo ni systemd-resolved, inakaa ndani ya mashine yako na kupokea maswali ya majina halafu inayapeleka kwa seva halisi, ambazo unaziona kwa `resolvectl status`. Utaambiwa uihariri hiyo faili kwa mkono. Itafanya kazi mpaka uwashe mashine upya, kisha itarudi ilivyokuwa na wewe utarudi kwenye grupu. Bora uiambie NetworkManager yenyewe, programu inayosimamia mitandao kwenye mashine: `nmcli con show` upate jina la mtandao wako, halafu `nmcli con mod "JinaLaWifi" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes`, halafu `nmcli con up "JinaLaWifi"`. Inabaki.

Bando nalo nisiliache hivihivi. Bando likiisha kadi inabaki na anwani, ruta inajibu ping bila shida, alama ya wifi imejaa, ila nje hamna kitu. Angalia salio kwanza. Nisingeiandika kama isingekuwa inatokea kila wiki.

Sasa draiva. Kama ip a haionyeshi kadi ya wifi, kwanza `rfkill list`, inaonyesha kama kadi imezimwa. Ikisema "Soft blocked: yes" ni `rfkill unblock wifi` tu umemaliza, ikisema "Hard blocked: yes" tafuta kitufe pembeni ya laptopu au kwenye zile F za juu. Wenye Windows pembeni ya Linux kwenye mashine moja, wakati mwingine Windows ikizimwa kwa ule mtindo wake wa kuwaka haraka inaiacha kadi kwenye hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha, izime kabisa huo mtindo ujaribu tena.

Ikiwa sio hivyo, `lspci -nnk | grep -iA3 net`, na kama ni kile kidubwasha cha wifi cha USB basi `lsusb`. Unachotafuta ni namba mbili zenye nukta pacha katikati, mfano 14e4:4365. Hizo ndo kitambulisho cha chipu, na ndo kitu cha maana kuliko vyote unavyoweza kumpa anayekusaidia. Jina la laptopu halitoshi, jina kwenye boksi pia halitoshi. TP-Link TL-WN722N ndo mfano unaopendwa: toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271 ambayo Linux inaijua vizuri mno, matoleo ya baadae wakaweka Realtek RTL8188EUS, jina lilelile na umbo lilelile. Mtu anasoma kwenye video kwamba hicho ndo kidubwasha bora kwa Linux, anakwenda kununua, anarudi analia. Kwenye lsusb ukiona 2357:010c ushapata ya Realtek.

Na hiyo 14e4:4365 niliyoitaja ni Broadcom BCM43142, iko kwenye laptopu nyingi za HP na Dell za miaka ile ya 2013 hadi 2015, zile ambazo zimejaa kwenye maduka ya yuzdi (mitumba). Linux yenyewe haiji na draiva yake, inahitaji ile ya Broadcom wenyewe, kwenye Ubuntu kifurushi cha programu kinaitwa bcmwl-kernel-source, kwenye Debian ni broadcom-sta-dkms. Chini ya kila kadi kwenye lspci kuna mstari "Kernel driver in use", kama huo mstari haupo basi kadi imeonekana ila hakuna wa kuiendesha.

Hapo linakuja swali lenyewe, nitashushaje draiva ya wifi kama wifi sina? Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, kwenye mipangilio ya simu washa ile ya kugawa intaneti kwa USB. Kwenye Linux inatokea kama kadi ya waya, haihitaji kusakinisha kitu, na simu nyingi zinakubali hata kugawa wifi ambayo zenyewe zimeshika, kwa hiyo sio lazima ule bando la simu. Wenye modemu za zamani za Huawei za USB, ikichomekwa na ikaonekana kama CD badala ya modemu usiitupe, ndivyo ilivyotengenezwa, inakuja kwanza kama CD yenye programu ya Windows, weka usb_modeswitch iibadilishe.

Maswali ya aina ya pili ndo nayapenda zaidi, intaneti ipo kila mahali ila vyombo vya ndani havionani. Laptopu ya sebuleni haimwoni printa, au mtu anataka kuchukua faili kwenye kompyuta ya chumbani kwa ssh (njia ya kuingia mashine nyingine kupitia mtandao) inagoma. Hapa usiguse chochote kabla ya kuandika anwani za pande zote mbili kwenye karatasi. Ukikuta moja ni 192.168.1.23 na nyingine ni 192.168.0.11, basi una mitandao miwili ndani ya nyumba moja na huenda hujui. Inatokea hivi: ruta ya kampuni iko sebuleni, wifi haifiki chumbani, unanunua ruta nyingine unaichomeka kwa waya kwenye lile tundu la WAN (la kuelekea nje), inawaka, intaneti inapatikana, kila mtu anafurahi. Ila ruta ya pili imejenga ukuta wake. Wa chumbani wanaweza kuwafikia wa sebuleni, wa sebuleni hawawezi kuingia chumbani. Dawa ni kuiweka ruta ya pili kwenye hali ya akses pointi (igawe wifi tu bila mtandao wake), au kama haina, uizimishe DHCP yake (ndo inayogawa anwani), uipe anwani isiyogongana na ya kwanza, na waya uuhamishe kutoka tundu la WAN kwenda tundu mojawapo la LAN (la ndani).

Kama anwani zote ni za familia moja na bado hazionani, angalia kwenye ruta kama kuna kitu kinaitwa AP isolation au client isolation. Viruta vingine na wifi nyingi za wageni zinawasha hiyo, kila chombo kinaona intaneti tu hakioni jirani. Ni nzuri kwa hoteli, kwa nyumbani inatesa. Ikishindikana hapo ndo uangalie faiwoli (ukuta wa kuzuia wanaoingia) ya mashine inayoitwa, `sudo ufw status`, na uhakikishe kwamba huduma yenyewe inasikiliza, `ss -tln`, kama huoni :22 hapo basi huenda ssh haijawekwa au haijawashwa. Kwenye Ubuntu ya mezani seva ya ssh haiji yenyewe, unaweka openssh-server.

Kuna moja ya pembeni lakini ni ya kweli. Mashine za yuzdi betri ile ndogo ya duara ya CR2032 ikifa, saa inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika. Ukifungua tovuti brauza inakataa, inasema cheti hakijaanza kutumika, na mtu anaandika "intaneti haifanyi kazi". Ping zote tatu zinapita! Andika `timedatectl` uone tarehe. Betri dukani ni bei ya chai. (Ile nyingine ya saa kurudi nyuma masaa 3 kila ukirudi Windows sio betri, ni kwamba Linux inaandika saa ya dunia kwenye ubao na Windows inaisoma kama ya hapa kwetu, na sisi tuko mbele kwa masaa 3.)

Na wanaotaka kuifikia kamera au seva ya nyumbani wakiwa nje, wameshafungua poti (mlango wa kuingilia) kwenye ruta na haijibu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie anwani yake ya WAN. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mtoa huduma amekuweka wewe na wateja wengine kibao nyuma ya anwani moja, hiyo safu ilitengwa 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Hata ufungue poti zote hakuna kitakachoingia, poti haziko kwenye ruta yako. Omba anwani ya umma kwa mtoa huduma, wengine wanaiuza, au kodi seva ndogo huko nje uunganishe nyumbani kwa WireGuard (njia ya siri kati ya mashine mbili), ambayo iko ndani ya kerneli tangu 5.6 ya 2020. Intaneti ya laini ya simu karibu zote ziko hivi, kwa hiyo angalia hili kwanza kabla hujashinda kwenye mipangilio.

Sasa turudi kwa yule wa mwanzo, aandike nini? Kitu kama hiki.

"Habari wakuu. Ubuntu 24.04 kwenye HP 250 G3, wifi haionekani kwenye orodha ya mitandao, waya unafanya kazi. Jana kwenye Windows wifi ilikuwa inashika. ip a inaonyesha lo na enp8s0 tu. rfkill list haina kitu. lspci inasema Broadcom BCM43142 [14e4:4365], hakuna mstari wa driver in use. Nimejaribu kuwasha upya. Intaneti ya USB ya simu ninayo kama kuna cha kushusha. Matokeo kamili yako hapa chini."

Hiyo inajibiwa kabla chai haijapoa, tena na mtu ambaye hajawahi kuiona HP 250 maishani mwake. Ona alivyosema kinachofanya kazi pamoja na kisichofanya kazi, waya unaenda, Windows ilikuwa inashika, hayo mawili peke yake yameshaondoa kadi mbovu na ruta mbovu. Na hajasema "nadhani ni DNS". Kama unadhani, sema mwishoni, ila usifiche dalili ukaleta hitimisho, maana watu watakimbizana na hitimisho lako. Mtu anauliza "nafutaje resolv.conf?" anasaidiwa kuifuta, na tatizo lake halikuwa huko kabisa.

Matokeo yabandike kama maandishi, sio picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa pembeni na flashi inang'aa katikati. Siwezi kunakili namba kutoka kwenye picha, wala mtu hawezi kuitafuta baadae. Mashine haina intaneti? Andika `ip a > hali.txt`, peleka kwa flashi au kwa simu. Na ujumbe wa kosa usiutafsiri, acha ulivyo, hata kama swali lote ni la Kiswahili, maana hayo maneno ya Kiingereza ndo yanayotafutika.

Kuhusu kuficha. Anwani ya 192.168.1.23 sio siri, kuna mamilioni ya watu wanayo hiyo hiyo sasa hivi, ukiifuta uweke nyota unakuwa umefuta swali lenyewe. Cha kuficha ni anwani yako ya umma, nusu ya pili ya MAC (namba ya kadi yenyewe) kama inakukera, na pasiwedi. Zile faili za /etc/NetworkManager/system-connections/ zina pasiwedi ya wifi peupe kabisa kwenye mstari wa psk, usizibandike kabla hujazisoma.

Wengi wenu mtaanzia WhatsApp na Telegram, sawa, ila kuna siku tatizo litakupeleka kwenye orodha za barua pepe kama debian-user, na kule kuna adabu zake ambazo ni za zamani kuliko wengi wetu. Kuna waraka wa 1995, RFC 1855, wa adabu za mtandao, unashauri usome orodha kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla hujaandika chochote. Sasa nani mwenye wifi iliyokufa atakaa miezi miwili anasoma. Lakini mengine ya humo bado yana akili.

Barua iwe maandishi matupu, bila rangi wala HTML. Orodha za watengeneza kerneli kule vger (seva yao ya barua) zinakataa HTML moja kwa moja, barua haifiki. Ukijibu, jibu chini ya maneno unayoyajibu na ufute yaliyobaki. Gmail inakuweka juu na kuficha mkia wote nyuma ya vinukta vitatu, wewe huuoni ila wenzako wanaupokea wote, barua ya mstari mmoja yenye mkia mrefu kama treni. Kichwa cha barua kiwe tatizo lenyewe, "BCM43142 haionekani Ubuntu 24.04" badala ya "HELP". Jibu kwa orodha, sio kwa mtu mmoja. Na ukiwa na swali jipya anza barua mpya, usichukue barua ya mtu ukabadilisha kichwa, kwa sababu barua imebeba ndani yake alama ya In-Reply-To inayosema ni jibu la nani, hata ubadilishe kichwa itakwenda kukaa katikati ya mazungumzo ya watu wengine na wanaosoma kwa mtiririko hawataiona, au wataiona wakasirike. Wengi wanaokaripiwa kule wamekaripiwa kwa hili na hata hawakuelewa wamekosa nini.

Kama Kiingereza kinakusumbua, sentensi fupi zinatosha, hakuna anayesahihisha sarufi kule na nusu yao sio lugha yao. Mfano mzuri wa swali ninaoujua uliandikwa na Mfini mmoja, mwanafunzi wa Helsinki. Tarehe 3 Julai 1991 aliandika kwenye kundi la comp.os.minix (la mazungumzo ya minix, mfumo mdogo wa kufundishia) kwamba kuna mradi anaufanya ndani ya minix na anahitaji kanuni za POSIX (za mifumo ya aina ya Unix), kama kuna anayejua zinapatikana wapi, ikiwezekana kwa umbo ambalo kompyuta inasoma, na seva ya ftp (ya kushushia faili) ingependeza. Mistari michache tu: anafanya nini, anataka nini, na kwa umbo gani. Tarehe 25 Agosti ndo akatangaza mradi wenyewe, akiuliza watu wangependa uwe na nini. Jina lake ni Linus Torvalds, na mradi ndo huu unaokusumbua wifi.

Majibu nayo yachuje. Ukiambiwa uzime faiwoli kabisa, au uweke chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu), au ushushe skripti ya mtu kwa curl na kuimwaga moja kwa moja kwenye sudo bash (iendeshwe na mamlaka yote ya mashine), muulize inafanya nini kwanza, anayejua ataeleza bila kinyongo. Amri moja kwa wakati, andika matokeo, ndo uende nyingine. Ukiruka na amri za watu wanne kwa pamoja, hata ikipona hutajua ilipona na nini, na ikiharibika zaidi hakuna wa kukufuata huko.

Halafu rudi useme. Kwenye barua ile ile, kichwa kile kile, ongeza SOLVED mbele, "niliweka bcmwl-kernel-source kwa intaneti ya simu, nikawasha upya, imeshika". Usiandike "nimeshatatua asanteni" ukaishia hapo, umetatua vipi sasa? Na kama haikutatuka, umechoka, umeamua kuvuta waya kutoka sebuleni mpaka chumbani, liandike hilo pia, ili wale wawili waliokuwa bado wanakutafutia draiva wakalale.